Macho Hayakushuka

Siku aliyokufa Mzee Tsuma, fundi wa makuti wa Munje, maiti yake ilioshwa mapema, ikavishwa sanda, ikalazwa ukumbini juu ya kitanda cha kamba. Kilikuwa kile kitanda kifupi, cha miguu minne ya mkoko, kwa sababu kile kirefu kilikataa kupita mlangoni. Uso uliachwa wazi. Wanawake wa nyumbani wakaitwa waje wamtazame mara ya mwisho na kumtolea radhi, kabla wanaume hawajamfunga na kumchukua. Wakaambiwa, kama watu wanavyoambiwa siku zote, "Mtazameni, lakini machozi yasimdondokee."

Wa kwanza kuingia alikuwa mkewe, Bi Mwanarusi. Alishikwa mkono na binti yake Twaiba, ambaye ndiyo kwanza ateremke kwenye ndege pale Ukunda, hata maji alikuwa hajanywa. Wakasimama ubavuni pa kitanda. Watu wakangoja. Bi Mwanarusi hakutazama chini. Alisimama wima kama nguzo, shingo imenyooka, macho makavu yamekaza ukutani, penye kalenda ya duka la saruji. Hakupepesa. Hakusema neno. Alisimama hivyo kwa kadiri ya kusoma Alhamdu mbili, kisha alipotaka kugeuka akayumba kinyumenyume, nusura aanguke. Twaiba akamdaka na kumtoa nje, na wanaume nao wakawa wanabisha hodi, wakati wa kuchukuliwa jeneza umefika.

Nyuma yao alikuwa amesimama Bi Mejumaa, dada wa marehemu, wa tumbo moja, mke wa mtu wa Gazi. Aliyaona yote.

"Hata kumtazama?" alisema, na sauti yake ikafika hadi jikoni walikokuwa wakikuna nazi za matanga. "Miaka arubaini na mmoja! Hata mbuzi aliyekufa zizini hutazamwa."

Moyo wa Twaiba nao ulikuwa ukisema maneno hayo hayo.

Sasa, huyu Twaiba alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na katika ubingwa huo alikuwa amejichagulia kipande chake: maradhi yanayoharibu mwendo wa mtu. Wanaotetemeka, wanaokakamaa, wanaovutwa shingo upande bila kutaka, wanaofika mlangoni miguu ikagoma kuvuka. Pale Munje walimwita daktari wa watetemekao, na kijana akionekana anatetemeka mbele ya baba mkwe, wenziwe humwambia, "Nenda kwa Twaiba akupe kidonge." Kazi yake aliifanya Nairobi, lakini mwezi wa nane ulikuwa unakwenda tangu aanze kuja hospitali ya Msambweni, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kuwaona wagonjwa wa kwao.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mgonjwa akiitwa, yeye hakuinamia faili. Alimtazama kuanzia mlangoni mpaka kitini, akamtazama visigino vya viatu vimelika upande gani, vifungo vya shati vimefungwa na nani, mkono upi unapepea na upi umelala. "Mgonjwa hajafungua mdomo," aliwaambia wanafunzi wake, "na mwili wake umeshamaliza kusema."

Lakini nyumbani kwao hakuwahi kusimama mlangoni akatazama. Miaka miwili nyuma alikuwa ameachana na mumewe, mtoto wa shoga mkubwa wa mamake, na jambo lile lilimwuma sana Bi Mwanarusi. Tangu hapo sauti ya mama kwenye simu ilififia, ikawa ndogo, bapa, haina kicheko wala swali. "Wazima." "Ndiyo." "Haya." Twaiba akasema, amenikasirikia huyu. Alipokuwa akija Msambweni alipitia Munje nusu saa tu. Alimkuta mama ameketi, akanywa chai, akamwacha ameketi, akaenda zake kulala hotelini Diani. Baba ndiye aliyemsindikiza mpaka garini. Kila mara alimwambia, "Mamako anakupenda, usimwone vile," na kila mara Twaiba alimjibu, "Najua, baba," naye hajui.

Basi, Bi Mwanarusi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, chumba cha uani, habari za nje kuletewa. Mwanzoni watu walimsifu. Walisema mjane anayejua kukaa eda ni yule, hatikisiki, hasemi ovyo, hata nzi akimtua usoni hamfukuzi. Lakini maneno ya Bi Mejumaa yalikuwa yameshatoka Gazi yakafika Mwabungo na kurudi, na sifa ikageuka. Ule utulivu ukaitwa ukavu. Nguo yake nyeupe ilikuwa haishi madoa ya mchuzi kifuani, wakasema amejiachilia kwa sababu hana uchungu.

Ukoo ule una desturi yao. Mjane anapomaliza eda, wifi yake ndiye anayekuja alfajiri kumwosha, akamvika leso mpya, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Ni kama kusema, ndugu yetu amekufa lakini wewe bado ni wetu. Mjane asiyetolewa na wifi hutoka kama mtu asiye na watu. Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Bi Mejumaa akatuma neno kwamba yeye haji, na asingojewe.

Twaiba ndiye aliyempa mama habari ile, kwa simu.

"Haya," akasema Bi Mwanarusi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi ya kliniki. Mgonjwa wa tatu alikuwa Mzee Kitheka, mkulima wa machungwa kutoka kule mashamba ya walowezi, Shimba Hills. Aliingia kwa hatua fupi fupi, mkono wa kulia umekunjika, kidole gumba kinasugua cha shahada kama anayehesabu tasbihi isiyokuwepo. Nyuma yake alikuja mkewe, Syovata, mwanamke mwenye kifua na sauti, akaketi kabla ya mgonjwa.

"Daktari, mimi nitasema ukweli," akaanza. "Huyu wamesema ni mkono. Mkono si kitu. Ugonjwa ni roho. Ameacha kunipenda."

"Amekuambia hivyo, mama?"

"Aseme? Huyu hasemi! Nikimwambia kitu cha kuchekesha, hata majirani wanaanguka chini, yeye ananiangalia tu kama mbuzi anaangalia lori. Nikajua kuna mwingine. Tangu Pasaka sijamchinjia kuku."

"Hata mayai," akasema Kitheka, kwa sauti nyembamba ya chini kwa chini.

"Umesikia? Ya mayai hiyo ameisikia!"

Muuguzi Eunice akageukia dirisha ili acheke. Twaiba akamwambia mzee agonganishe vidole, afungue na kufumba kiganja, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akamkunja kiwiko akasikia kinakwama na kuachia, kinakwama na kuachia. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, mama hapa akisema mambo yake, ndani yako wewe unacheka?"

Kitheka akangoja, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. "Nacheka sana," akasema. "Huyu ana mambo. Hata sasa nacheka."

Uso wake haukusogea hata ukope.

Syovata akamtazama mumewe, akapeleka mkono kwenye shavu la yule mzee, akaligusa kama anayejaribu joto la mkate. "Kumbe ulikuwa unacheka?" akasema. "Kumbe wakati wote ulikuwa unacheka, Kitheka?"

"Mama," Twaiba akamwambia, "uso nao ni kiungo, kama mguu. Wa mzee umekakamaa. Usiusome tena, utakudanganya. Ukitaka kujua moyo wake, mwulize kwa maneno, na umngoje ajibu."

Maneno yale alikuwa ameyasema mara mia, Nairobi na kwingineko. Safari hii yalimtoka mdomoni yakamrudia kifuani. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Akaiona kalenda ya saruji. Akakuona kule kuyumba kwa kinyumenyume, na jinsi alivyomdaka mama bila kujiuliza, mtu anayeanguka kwa huzuni mbona asianguke mbele? Akayaona madoa ya mchuzi kwenye nguo nyeupe.

"Eunice," akasema, "wamebaki wangapi?"

"Wanne, daktari. Uko sawa?"

"Walete."

Akawaona wote wanne, mmoja baada ya mwingine, hakumharakisha hata mmoja. Kisha akaendesha gari mpaka Munje.

Bi Mwanarusi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Lakini Twaiba hakwenda kuketi kando yake kama siku zote. Alisimama mlangoni, kama anavyosimama kwa wagonjwa asiowajua, akatazama. Nyusi zimepanda juu, paji limekunjamana kama la mtu aliyeshtuka, na macho yanapita juu ya kichwa chake. Miaka miwili alikuwa ameuita mtazamo ule dharau.

"Mama, hebu inuka uje hapa."

Bi Mwanarusi akainuka, akaanguka tena kitandani kinyumenyume. Akainuka tena, akarudi tena. Mara ya tatu akasimama, akaja, na alipogeuka aligeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Twaiba akamkalisha, akainua kidole.

"Kifuate kwa macho. Kichwa kiache kimetulia."

Kulia, macho yakaja, polepole. Kushoto, yakaja. Juu, yakapanda kidogo. Twaiba akakishusha kidole chini, chini, mpaka kwenye magoti. Macho yakabaki pale pale.

"Mama, unajaribu?"

"Najaribu."

Akarudia.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sioni ngazi. Sioni sahani, natia mkono tu." Maneno yalitoka moja moja, hayana mlima wala bonde. "Babako alikuwa akinishika. Akaniwekea chakula juu ya ndoo, kiwe karibu na macho. Alitaka kukuambia. Nikamkataza."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe unakuja nusu saa. Unatazama saa yako. Nikaona, huyu ametoka kwa wagonjwa, nisimwongezee mmoja."

Twaiba akataka kujua kama lile lilikuwa lawama au huruma, akautazama uso, na uso haukuwa na kitu. Akakumbuka alivyomfundisha Syovata asubuhi.

"Mama, umenikasirikia?"

Akangoja.

"La."

"Una nini moyoni?"

"Nalia," akasema Bi Mwanarusi, na shavu lake kavu. "Nalia tangu siku ile. Nilitaka kumwona. Nikayaambia macho, shukeni, ni Tsuma huyo. Hayakushuka. Nikaona tarehe kumi na saba. Nikasema, nina binti yangu hapa kanishika mkono, yeye ndiye anayejua mambo haya. Ataniinamisha."

Twaiba akapiga magoti pale sakafuni. Kiuno cha mama kilikuwa kinakunjika. Mkono mmoja mgongoni, mmoja kifuani, angalimwinamisha na angalimwona mumewe. Hata mtoto wa darasa la kwanza angaliweza kumfanyia. Na sasa, pale chini alipopiga magoti, mama hakuweza kumwona yeye vilevile.

Baadaye mama akauliza, "Kuna dawa?"

"Nitakupa vidonge tujaribu. Lakini sikudanganyi. Ule wa kutetemeka husikia dawa miaka mingi. Huu wako ni jamaa yake, lakini ni mkaidi. Utaendelea. Mbele kumeza nako kutakuwa na taabu. Nitakuwapo."

"Hotelini?"

"Hapa hapa. Chumba changu cha zamani."

Twaiba akamwuliza, "Unaogopa?"

"Naogopa. Nipandie hapa juu, nikuone."

Asubuhi Twaiba akaomba ruhusa kazini, akaenda Gazi. Alimkuta Bi Mejumaa barazani, miguu kainyoosha mkekani, anasuka kuti, maana ukoo ule wote mikono yao ni ya makuti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kumtetea."

"Nimekuja kukueleza. Mama ni mgonjwa. Macho yake hayashuki."

"Hayashuki!" Bi Mejumaa akavuta ukuti kwa nguvu. "Mimi sikusoma, lakini nina akili zangu. Nyinyi madaktari, masikini akikosa adabu mwasema ni adabu mbovu, akikosa adabu mamako mwasema ni ugonjwa. Wa jina gani, huo ugonjwa wa kutomtazama mume?"

"Jina lake halitakusaidia, shangazi. Njoo umwone. Ukiona nasema uongo, ondoka, wala sitakuja kwako tena kukusumbua."

"Siji."

"Haya. Nami sikulaumu. Mimi ni daktari wa mambo hayo, nilikuwa nimemshika mkono, na niliona ulivyoona wewe."

Vidole vya Bi Mejumaa viliruka ukuti mmoja, ikambidi afumue.

Siku tatu zikapita. Ya nne, saa nne asubuhi, akatokea Munje bila kupiga hodi ya pili. Alikuwa na kawaida ya kutoamini kitu mpaka akipime mwenyewe. Akaingia chumba cha eda, hakusalimu, akaketi chini kabisa, sakafuni, mbele ya miguu ya wifi yake. Twaiba alikuwa kando akiponda ndizi kwenye bakuli.

"Mwanarusi," akasema Bi Mejumaa. "Hapa nilipo waniona?"

"Nakusikia. Naona mlango."

Bi Mejumaa akapiga magoti. "Na sasa?"

"Mlango."

Akainuka kidogo, kashika ukingo wa kitanda, magoti yanamlia. "Sasa?"

"Naona ushungi. Wa zambarau." Kisha, baada ya kitambo, "Umekonda, wifi."

Bi Mejumaa akasimama nusu vile, hajaketi wala hajainuka, mpaka Twaiba akaona bora amsaidie. Akaketishwa kitandani, uso kwa uso na wifi yake.

"Kwa hiyo ndugu yangu hukumwona."

"Sikumwona."

"Hata kidogo? Hata sanda?"

"Niliona kalenda."

"Nami nikaenda nikasema," akasema Bi Mejumaa. "Nimesema Gazi, nimesema Mwabungo, kwenye harusi nimesema. Hata nikizunguka nyumba baada ya nyumba sasa, nani atanisikiliza? Maneno mazuri hayana miguu." Akajipangusa kwa ncha ya ushungi. "Jumatatu alfajiri nitakuja. Maji nitayachemsha mwenyewe. Mtu mwingine asiguse."

"Haya," akasema Bi Mwanarusi.

Bi Mejumaa akamgeukia Twaiba. "Na wewe, mwanangu, babako ulimwona?"

Twaiba akatua bakuli. Lilikuwa swali ambalo hajaulizwa na mtu, wala hajajiuliza. "Nilikuwa namtazama mama," akasema. "Nilikuwa na hasira, shangazi. Nilimtazama mama wakati wote, kisha nikamdaka, kisha wanaume wakaingia. Baba nilimwona kama mtu anavyoona kitu kwa pembe ya jicho."

"Subhanallah. Basi nyote wawili."

Akavuta pumzi. Akamshika wifi yake mikono yote miwili, akamsogelea mpaka magoti yakagusana.

"Nitawaambia. Mimi nilimwona vizuri, nilikawia hata nikavutwa nguo. Sanda ilimfika hapa, chini ya kidevu. Puani walimtia pamba, ya kulia ikawa imechomoza, nikairudisha kwa kidole. Baridi, lakini si ya kutisha. Ndevu walimchana wakazilaza upande."

"Upande gani?" akauliza Bi Mwanarusi.

"Wa kushoto."

"Hakuupenda."

"Hakuupenda. Nami nilitaka kuzigeuza, nikaona haya. Nyusi moja ilikuwa juu kidogo, hii, kama alivyokuwa akifanya ukimwambia jambo asiloliamini."

"Alikuwa amekasirika?"

"La, wifi. Alikuwa kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana. Yule ambaye ukimwita husema hakulala."

"Na mdomo?"

"Umefungwa. Upande huu tu ulibaki wazi, kiasi cha kupita ukucha."

"Upande wa lile jino."

"Upande wa lile jino."

Twaiba alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, hasogei. Aliyakusanya yale maneno moja moja: pamba, ndevu, nyusi, jino. Machozi yakawa yanamtiririka, naye hayapangusi. Juu ya kichwa chake sauti ya shangazi ilikuwa inakwama na kuendelea, na ile ya mama, bapa, haina mlima wala bonde, ilikuwa inauliza.

"Paji lake?"

"Limekunjuka. Makunyanzi yote yamekwisha. Ile alama ya kusujudu ilikuwa nyeusi, imeng'aa kwa maji. Walimpaka kafuri hapo, na hapa kwenye pua."

"Na masikio?"

Bi Mejumaa akafikiri. Alitaka kusema kweli tupu.

"Masikio sikuyaona," akasema. "Yalikuwa ndani ya sanda."

"Hayo nayajua," akasema Bi Mwanarusi.